Nani anakuambia kesho kuna kipindi? Promosyo na maisha ya mwanafunzi wa chuo Lubumbashi

Kijana aliyepata diploma yake ya serikali akaja kusoma chuo hapa Lubumbashi hufika na maswali ya nyumbani: ada ni kiasi gani, fani ipi ina kazi, mwaka unaanza lini. Ni maswali ya haki. Lakini litakalomsumbua kuanzia wiki ya kwanza ni dogo kuliko hayo: nani atamwambia kwamba kesho kuna kipindi? Ratiba iliyobandikwa ukutani iliandikwa na mtu asiyejua profesa atatua uwanja wa ndege wa Luano siku gani. Ofisi haimpigii mtu simu. Jibu huja usiku, watu wakiwa wanasubiri umeme urudi, kwenye kundi la WhatsApp: «Jambo yenu bandugu, kesho saa mbili tuko na statistiki. Prof alishafika. Mufike mapema.» Aliyeandika ni CP, kiongozi wa wanafunzi wa mwaka wake, na kundi lenyewe ni promosyo.

Watu wa nje, na hata wazazi waliosomesha watoto wanne, huichukulia promosyo kama orodha ya majina tu: wanafunzi wote wa mwaka fulani katika fani fulani, mwaka wa pili wa uuguzi pale ISTM, mwaka wa kwanza wa hisabati pale ISP, na kadhalika. Kwenye karatasi ni hivyo. Katika maisha, karibu kila kitu ambacho chuo kingetakiwa kukibeba hapa mjini kinabebwa na promosyo, kuanzia kijitabu cha somo hadi mchango wa kilio. Na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, doktora) umeanza kuikata promosyo vipande, bila mtu kukusudia. Wengi wanaolalamika kwamba LMD imewachanganya hawachanganywi na hesabu zake. Wanachanganywa na kuona kwamba hawajui tena wako na akina nani.

Tutenganishe vyuo kwanza, haraka. Kuna UNILU, chuo kikuu cha serikali, kinachoongozwa na rekta. Kuna taasisi za juu, zinazoongozwa na mkurugenzi mkuu: ISP inayoandaa walimu wa sekondari, ISTM inayotoa wauguzi na watu wa maabara, ISS ya takwimu, na nyingine. Kuna vyuo vya makanisa na vya watu binafsi, ambavyo havihesabiki kwa vidole. Pembeni kuna INPP, iliyoundwa mwaka 1964, inayofundisha ufundi kwa mafunzo mafupi. Maisha ya pale ni ya karakana, tuyaache. Taasisi za juu ndizo zinazokaribia kile Wamarekani wanachokiita chuo cha jamii, chuo kilicho karibu na nyumbani, chenye masomo ya kazi, ambacho mwanafunzi hukiacha jioni akarudi kulala kwao. Tofauti moja ni kubwa, na nitairudia baadaye: Mmarekani wa chuo cha jamii huchagua masomo yake mmoja mmoja na kwa kasi yake, kwa hiyo anaweza kumaliza bila kujua majina ya waliokaa kushoto na kulia kwake. Huku kwetu hilo halikuwezekana.

Halikuwezekana kwa sababu programu ilikuja ikiwa imefungwa. Tangu chuo kikuu kilipofungua milango hapa mwaka 1956, mji ukiitwa bado Elisabethville, masomo yalipangwa kwa mwaka, si kwa mtu. Mlioingia mwaka wa kwanza mlikaa chumba kimoja, mkasoma masomo yale yale, mkasubiri siku moja ya matokeo. Jopo la walimu lilikaa, likajumlisha, likatangaza kwa asilimia: 50 umepita kwa kutosheleza, 70 umepata distinksyo, 80 distinksyo kubwa. Aliyeshindwa alikuwa na msimu wa pili wa mitihani. Akishindwa tena alirudia mwaka, yaani alishuka na kukaa na wadogo zake, na ile promosyo yake ya zamani ikaendelea bila yeye. Ndiyo maana mtu mzima wa hapa, ukimuuliza alisoma lini, atakwambia alisoma na nani. Kamili, na majina.

Mfumo wa kukaa pamoja peke yake haungetosha kuipa promosyo nguvu iliyonayo. Nguvu hiyo imetokana na mapungufu ya chuo. Enzi za Zaire serikali ilikuwa inatoa bursa, yaani pesa ya kusomea, chakula na kitanda. Wazee waliosoma miaka ya 1970 wanasimulia mlo wa kampasi kwa namna inayowaudhi vijana. Uchumi ulipoanguka, na hapa Katanga ukaanguka kwa kishindo baada ya mgodi wa Kamoto wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kuporomoka mwaka 1990, mzigo ulihamia kwa wazazi, hadi kufikia kuchangia malipo ya walimu wenyewe. Vitanda vilivyobaki kwenye kampasi ya Kasapa havitoshi. Wanafunzi wengi wanaishi mitaa ya Katuba, Kenya, Ruashi, kwa baba mdogo au kwa shangazi, au wanapanga chumba watatu wakipeana zamu ya kupika bukari, yaani ugali. Mtu akitoka Ruashi kwenda Kasapa anabadilisha gari, analipa nauli mara mbili au zaidi, na akikuta profesa hakuja, siku na pesa vimepotea pamoja. Taarifa sahihi ya saa tatu usiku, kwa mtu wa namna hiyo, ni pesa.

Na maprofesa kweli huja na kuondoka. Wengi wanafundisha zaidi ya chuo kimoja, wengine zaidi ya mji mmoja. Anafika, anafundisha asubuhi na mchana siku kadhaa mfululizo, anamaliza somo zima, anamwachia msaidizi mazoezi, anaondoka. Kwa hiyo mwezi mmoja mnaweza kukaa bila kipindi, kisha mwezi unaofuata masomo matatu yanagongana. Anayepanga nani aanze ni nani? Kwa haki ni ofisi ya idara. Kwa vitendo, mara nyingi ni CP, akiwa na simu mbili mkononi, akimbembeleza msaidizi wa somo moja asogeze kipindi ili profesa wa somo jingine amalize kabla ya ndege yake.

CP ni mkuu wa promosyo. Anachaguliwa mwanzoni mwa mwaka na wenzake, pamoja na msaidizi wake, na promosyo iliyojipanga huongeza mtunza fedha. Kampeni zake zina raha yake: ahadi, vijembe, watu wa shule moja ya sekondari kupigiana kura. Baada ya hapo kazi inaanza. Anafungua mlango wa chumba na kutafuta chaki. Anabeba orodha ya mahudhurio. Anapokea mazoezi ya kila mtu na kuyapeleka kwa msaidizi. Anachukua silabusi, yaani kile kijitabu cha somo ambacho mwalimu amekiandika mwenyewe, anakipeleka kutoa fotokopi kwenye sekretaria ya barabarani, anagawa, anakusanya pesa. Mwanafunzi akilazwa, CP anajua kabla ya ofisi. Wapo waliohitimu zamani ambao bado wanaitwa CP sokoni, na wanaitikia.

Sasa, mtu anayekaa kati ya mwalimu na wanafunzi mia mbili, akishika orodha na pesa, ana mamlaka ambayo hayajaandikwa popote. Hapa sitapaka rangi. Wizara imekataza zaidi ya mara moja walimu kuwalazimisha wanafunzi kununua silabusi, lakini katazo halifiki mbali pale ambapo CP ameambiwa alete orodha ya walionunua na kila mtu anaelewa orodha hiyo ni ya nini. Wanafunzi wanaita branshema ule mpango wa kupata alama kwa pesa au kwa kujuana. Kwa wasichana kuna madai mabaya kuliko pesa, na wanayajua wote. CP mwaminifu anakuwa ngao: anakataa kupeleka orodha, anaenda na wenzake wawili kwa mkuu wa idara, anazungumza kwa heshima lakini anazungumza. CP asiye mwaminifu anakuwa mlango wa nyuma. Kwa maoni yangu kura ya CP ina uzito katika maisha ya mwanafunzi kuliko kura ya msemaji wa wanafunzi wa chuo kizima, ingawa ya msemaji ndiyo yenye mabango na vipaza sauti.

Juu ya promosyo kuna kamati ya wanafunzi, yenye msemaji anayewawakilisha mbele ya uongozi wa chuo. Ukitaka kujua kwa nini mwanafunzi wa Lubumbashi huitazama kamati hiyo kwa jicho la pembeni, lazima urudi nyuma. Chama huru cha wanafunzi wa Kongo, UGEC, kilichoanzishwa mwaka 1961, kilipigwa marufuku 1968. Mwaka 1969 wanafunzi waliuawa kwa risasi Kinshasa wakiandamana. Mwaka 1971, baada ya wenzao kuwakumbuka waliokufa, wanafunzi waliingizwa jeshini kwa nguvu, na serikali ikaunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa kimoja, UNAZA, hadi 1981. Miaka hiyo yote sauti iliyoruhusiwa kampasi ilikuwa JMPR, vijana wa chama tawala. Kiongozi wa wanafunzi alikuwa pia sikio la dola. Mobutu alipotangaza vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990, hasira ilifumuka: hapa Lubumbashi wanafunzi waliwakamata na kuwapiga wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei watu wenye silaha wakaivamia kampasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire kwa sababu ya usiku ule.

Kijana wa leo hakuwepo, na wengi hawajui hata tarehe. Lakini tabia imebaki. Msemaji akionekana kwenye picha na wakubwa, minong'ono inaanza. CP haaminiwi kwa sababu ni malaika. Anaaminiwa kwa sababu anakaa benchi la tatu na akila pesa ya fotokopi mtamwona kesho asubuhi.

Nje ya masomo, shughuli zipo tele kuliko vyuo vyenyewe vinavyotangaza. Mpira kati ya promosyo na promosyo, ambao waamuzi wake hawana amani. Wanafunzi wa sheria hufanya kesi ya kuigiza, majoho yameazimwa, mtu anaoga jasho akitetea mshtakiwa ambaye ni rafiki yake wa chumba. Wa jiolojia huenda kutazama migodi. Kuna kwaya, makundi ya Biblia, ibada za mchana chini ya mti, na vyama vya watu waliotoka sehemu moja, watu wa Kalemie, wa Kolwezi, wa Kasaï, vyenye karamu ya kupokea wapya na sanduku la dharura. Hivi vyama vya asili vinasaidia sana mgeni asiye na ndugu mjini. Pia ndivyo vinavyoweza kugeuza kura ya CP kuwa hesabu ya makabila, na promosyo iliyoingia hapo huchelewa kutoka.

Ila ukitaka kuiona promosyo ikiwa promosyo, nenda kwenye kilio. Mzazi wa mwanafunzi akifariki, tangazo linapita kundini, mtunza fedha anafungua orodha, majina yanajazwa na kiasi kando yake, mbele ya macho ya wote. Jioni mnapanda gari, mnakaa uani kwa wafiwa, CP anasimama kutoa salamu na bahasha. Hakuna ofisi ya chuo inayofanya hivyo. Na siku ya furaha ni vilevile: mtu akimaliza kutetea kazi yake ya mwisho mbele ya jopo, wenzake ndio wanaomsubiri mlangoni na kopo la pudre (poda) kumwagia kichwani, suti mpya au si mpya, huku mama mkubwa akipiga vigelegele na mjomba akiuliza vinywaji viko wapi.

Sasa tuje kwenye LMD. Kipimo chake ni krediti, na krediti haikuzaliwa Kongo, wala Ufaransa. Ilikulia Marekani, baada ya vyuo kama Harvard, chini ya rais wake Charles Eliot, kuanza kuwaachia wanafunzi wachague masomo. Kila mtu akiwa na masomo yake, huwezi tena kusema «amemaliza mwaka wa pili». Lazima uhesabu alichobeba, na krediti ikawa ndiyo kipimo. Chuo cha jamii, ambacho kile kikongwe zaidi cha umma ni cha Joliet, Illinois, cha mwaka 1901, kinaishi kwa hesabu hiyo: mtu anafanya kazi mchana, anachukua somo moja au mawili usiku, krediti zinajikusanya polepole. Ulaya ilitengeneza krediti zake mwaka 1989 ili mwanafunzi aliyesoma nchi jirani asirudi mikono mitupu, kisha azimio la Bologna la 1999 likazieneza. Afrika inayotumia Kifaransa ikafuata, na Kongo ikaagiza vyuo vyake vyote vianze na wanafunzi wapya wa 2021-2022.

Hesabu yenyewe si ngumu. Semesta moja krediti 30, mwaka 60, lisansi ya miaka mitatu 180, masta 120 juu yake. Mzee aliyepata lisansi kwa miaka mitano, mitatu ya graduat na miwili ya juu, asishangae mjukuu kuipata kwa mitatu: lisansi mpya imekaa pale ilipokuwa graduat, na masta ndiyo imechukua nafasi ya lisansi yake. Krediti moja kwetu inahesabiwa saa 25 za kazi, na sehemu ya saa hizo ni za mwanafunzi kusoma peke yake. Masomo yanayohusiana yamefungwa kwenye kifurushi, na anayefikisha 10 juu ya 20 katika kifurushi amezipata krediti zake moja kwa moja, hazifutwi. Aliyekosa baadhi, kama amepata sehemu kubwa ya krediti za mwaka, anapanda na madeni yake, yaani krediti alizokosa, akitakiwa kuyalipa huko mbele. Hilo ni jambo jema. Chini ya mfumo wa zamani mtu aliweza kupoteza mwaka mzima, na ada ya mwaka mzima, kwa masomo machache.

Lakini tazama kilichotokea. Tulichukua krediti, hatukuchukua uchaguzi. Programu bado imefungwa, wote bado wanasoma masomo yale yale chumba kimoja, walimu bado wanakuja kwa ndege na kuondoka. Mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye deni la takwimu la mwaka wa kwanza anatakiwa kusikiliza somo hilo na wadogo zake. Lini? CP wake hajui, kwa sababu si somo la promosyo yake. CP wa chini hajui kwamba yupo, kwa sababu hayumo kwenye orodha wala kundini. Msaidizi akitoa zoezi la alama siku ya Jumanne, mwenye deni anasikia Alhamisi. Na ikitokea profesa wa juu na profesa wa chini wameingia mjini wiki moja, hakuna mtu mmoja mwenye jukumu la kuwapatanisha. Mmarekani wa Joliet hana shida hii kwa kuwa chuo chake kinamhesabu mtu mmoja mmoja tangu mwanzo: ratiba inajulikana kabla ya semesta, na taarifa zinamfikia yeye binafsi. Huku taarifa inaifikia promosyo, na mwenye deni ana mguu mmoja nje ya kila promosyo.

Kinachonishangaza ni kwamba mfumo huohuo unairudishia promosyo kazi kwa upande mwingine. Zile saa za kusoma peke yako zinadhani una maktaba, umeme na intaneti. Mwanafunzi ambaye SNEL, shirika la umeme, imemkatia umeme tangu juzi na mega zake za intaneti zimeisha hasomi peke yake. Anakwenda kwa mwenzake mwenye betri ya jua, wanakaa watano kuzunguka simu moja iliyopakuliwa kitabu, mmoja anasoma kwa Kifaransa, mwingine anaeleza kwa Kiswahili, wanabishana hadi linaeleweka. Nimeona watu wakipita masomo magumu kwa njia hiyo ambao darasani hawakuelewa kitu. Mwenye deni, kwa mara nyingine, hana kikundi cha somo lake: wenzake walishalipita na wamelisahau kwa furaha.

Kwa hiyo kwa anayeanza, mambo machache ya vitendo. Stakabadhi ya benki ya kila sehemu ya ada ni yako, usimkabidhi CP ile ya asili, mpe nakala. Matokeo ya kila semesta yaandike mwenyewe, krediti kwa krediti, maana orodha za wenye madeni hukosewa na anayekosewa ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Ukipanda na deni, nenda kwa CP wa promosyo ya chini wiki ya kwanza, jitambulishe, omba uingizwe kundini. Usione haya kukaa na wadogo. Na promosyo zenyewe zingefanya vyema kuchagua, pamoja na CP na msaidizi, mtu mmoja wa kushika orodha ya wenye madeni na kuzungumza na CP wa chini kila Jumapili jioni. Haihitaji waraka wa wizara.

Litabaki suala la kilio. Mwenye deni aliye kwenye makundi mawili anaona orodha mbili za michango zikifunguliwa, na hakuna aliyeamua ni ipi inayomhusu. Ninaowajua mimi huchanga pande zote mbili.